KURUDISHA VYOMBO VYA KUKODI BAADA YA KARAMU

Monitere akifika kijijini watu husema, «Amekuja na habari za mihogo na maharagi.» Leo sikuleta mbegu wala jembe. Leo tuseme habari za viti, turubai, sufuria kubwa, jenereta na vyombo vya muziki, yaani vitu vinavyokodiwa siku ya arusi, siku ya matanga, au siku mtoto anapomaliza masomo. Mtauliza, mambo hayo yana neno gani na shamba? Ngojeni kidogo, mtaona.

Tazameni kwanza vyombo hivyo ni vya nani. Vingine ni vya mtu mwenye duka Baraka au Fizi. Lakini vingine ni vya chama cha wamama, waliotia akiba kila juma, wakanunua viti vitano, kisha vitano tena, mpaka vikatosha kukodishwa. Turubai inayofunika wageni siku ya arusi, ndiyo inayoanikiwa mihogo na mpunga siku zisizo na arusi. Na kodi ya viti ndiyo inayonunua mbegu mwezi wa tisa, mvua zikikaribia. Basi viti vikipotea mwezi wa saba, shamba limekwisha kupungua kabla ya jembe kugusa udongo.

NENO NILILOLIONA

Katika kijiji kimoja, nisichotaka kukitaja, kulikuwa chama chenye viti 60 vya plastiki, vyote rangi ya buluu. Wakati wa kiangazi watu wenye arusi walivikodi vyote. Kijana mmoja alipewa kazi ya kuvipeleka kwa mkokoteni na kuvirudisha. Alivipeleka vizuri. Usiku watu wakala, wakacheza, wakaenda kulala. Asubuhi kijana akakusanya viti vilivyobaki uwanjani, akavirudisha kwa mama mwenye kutunza. Mama akahesabu: 51. Akahesabu mara ya pili: 51.

Viti tisa viko wapi? Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyehesabu usiku. Watu wa arusi walisema, «Sisi tulimkabidhi kijana vyote.» Kijana alisema, «Mimi nilichukua vilivyokuwapo.» Maneno yakawa mengi, na mwisho yakaangukia kichwa cha mdogo, kama ilivyo desturi. Walisema ameviuza. Kila kiti wakakipigia bei ya faranga 20,000, jumla 180,000. Kijana hakuwa na fedha hiyo. Akaacha shamba la mama yake, akaenda Misisi kuchimba zahabu. Akatuma deni kwa mkono wa watu wa pikipiki, mara tatu, mpaka likaisha.

Baadaye kulikuwa na matanga katika kijiji cha pili. Mama mmoja wa chama alikwenda kulia na wenzake, akapewa kiti. Alipokiinamia aliona mguu wake umeshonwa kwa waya, na mshono ule ni wa mkono wake mwenyewe. Alinyamaza mpaka maziko yakaisha, kwa heshima ya marehemu. Kisha akawaita wenye viti, wakapindua safu zote. Ilionekana kwamba siku ya arusi ile vyama viwili vilileta viti, vyote vya buluu, vyote bila alama. Chama cha pili kilileta viti 40, kikaondoka na 49, wala hakikujua, kwa sababu nao hawakuhesabu.

Hapo hapakuwa na mwizi hata mmoja. Palikuwa na viti vinavyofanana na usiku mrefu. Kwa hiyo nasema kwamba kazi ya kurudisha chombo haianzi siku ya kurudisha. Huanza siku kinapotoka nyumbani, na huamuliwa usiku ule karamu inapokwisha.

ALAMA NA DAFTARI

Watu wengi hupaka alama ya rangi mgongoni mwa kiti. Rangi haikai juu ya plastiki; kiti kikisuguliwa kwa mchanga mara chache, alama imekwenda. Afadhali pasheni msumari moto, mwandike chini ya kikalio herufi ya chama na namba: K 1, K 2, K 3, mpaka cha mwisho. Fanyeni kazi hiyo nje penye upepo, maana moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Sufuria ipigwe alama kwa ncha ya msumari na nyundo karibu na mkono wake, na mfuniko upate namba ile ile ya sufuria. Nimeona sufuria nyingi zenye kulia mfuniko wake kama mjane. Turubai iandikwe katika pembe mbili, kwa maana pembe moja hukatika.

Tena namba peke yake haifai kitu kama haikuandikwa katika daftari. Hapa wengi hukosa. Huandika, «Viti 40, turubai 1, sufuria 3.» Hesabu hiyo itakuambia kwamba vimepungua viti viwili, lakini haitakuambia ni viti gani. Andikeni hivi: viti K 1 mpaka K 40, turubai T 2 na kamba zake 8 na mambo zake 8, sufuria S 1, S 4 na S 5 pamoja na mifuniko, mwiko mmoja mrefu. Kisha jina la anayechukua, siku ya kutoka, siku ya kurudi, dhamana aliyoweka, na hali ya chombo. Ikiwa K 17 kina ufa mguuni, andika ufa huo kabla hakijatoka. Usipoandika, aliyekikodi atalipa ufa wa mwaka jana, naye atakuwa na haki ya kukasirika.

Daftari libaki nyumbani, karatasi ya pili yenye maneno yale yale iende na vyombo. Karatasi hiyo ishikwe na mtu, isitiwe ndani ya gunia, maana gunia likipotea imepotea nayo. Watu wawili waweke alama ya mkono, mmoja wa chama na mmoja wa karamu. Asiyejua kuandika atie kidole chenye wino. Siku hizi wengine hupiga picha ya ukurasa kwa simu. Ni vizuri, lakini simu huanguka majini na huisha moto, basi msitupe daftari.

USIKU WA KUHESABU

Siku ya karamu chagueni mtu mmoja asiyekunywa pombe siku hiyo. Asiwe bwana arusi wala mpishi. Kazi yake ni moja tu, vyombo. Baba mmoja wa Mboko aliniambia kwamba kumpata mtu wa namna hiyo ni kugumu kuliko kumpata bibi arusi. Alicheka, lakini alisema kweli.

Saa ya kuhesabu ni kabla wageni wa mwisho hawajaondoka. Wakati ule vijana wa kusaidia wapo, na mtu aliyechukua viti vitatu kwenda kukalisha wazee kwa jirani bado anakumbuka. Asubuhi kila mtu ana kichwa kizito, na vijana wa machimbo wamekwisha kupanda pikipiki alfajiri kurudi kazini. Washeni tochi, mtu mmoja asome karatasi kwa sauti, wawili wapindue viti na kutaja namba. Kiti kisichoitika kitafutwe papo hapo: nyuma ya nyumba, jikoni, kwa jirani, chini ya mti. Kama vyama viwili vimeleta viti, msikubali kimoja kiondoke kabla ya kingine. Wahesabu pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Jambo la matanga ni zito zaidi. Watu wamefiwa; haifai kwenda na daftari mbele ya wenye machozi. Basi pataneni tangu siku ya kwanza na mmoja wa ukoo aliye mbali kidogo na msiba, shemeji au jirani, awe ndiye wa kuhesabu nanyi. Na kwa kuwa matanga hukaa siku nyingi, hesabuni kila jioni, kimya kimya, pasipo maneno.

KUOSHA, KUKAUSHA, KUKUNJA

Sahani, vikombe na sufuria zioshwe kwanza, hata kama mwenye vyombo amesema ataosha mwenyewe. Pwani yetu ya Tanganyika inajua kolera tangu miaka mingi. Karamu moja yenye maji mabaya inaweza kupeleka ugonjwa katika vijiji vyote walikotoka wageni. Basi msiende kuoshea sahani ufukoni pale watu wanapoogea. Tumieni maji ya bomba, au maji yaliyotiwa dawa ya klori, na sabuni. Kisha vyombo viwekwe juu ya kichanja juani mpaka vikauke vyenyewe. Kitambaa kimoja cha kufutia sahani mia huleta uchafu wa sahani ya kwanza mpaka ya mwisho.

Turubai ndiyo inayouawa na watu wengi. Baada ya karamu ina umande juu na vumbi chini, pengine na mchuzi. Watu huikunja vivyo hivyo, huifunga kamba, huitupa pembeni mwa nyumba. Ikiwa ni turubai ya nguo, itaota ukungu mweusi kwa siku chache, na nguo hiyo itapasuka kama karatasi mvua ya kwanza. Ya plastiki haiozi, lakini harufu ya chakula huita panya, na panya akitoboa mkunjo mmoja ametoboa mahali kumi, kwa kuwa mkunjo una tabaka nyingi. Fagieni, osheni, tandazeni upande mmoja kisha wa pili. Hata kama gari linangoja, lingoje. Wala msiiburute chini kwa kuwa ni nzito. Iteni watu wanne, kila mmoja pembe yake. Mkiikunja, msifuate mstari wa mkunjo wa zamani kila mara, maana pale ndipo itakapokatika.

Kamba na mambo za turubai zitiwe katika mfuko wake, zikihesabiwa. Mambo za chuma ni vitu vidogo, watu huziona si kitu, lakini turubai isiyo na mambo siku ya upepo wa ziwa ni tanga la mtumbwi.

Viti vipangwe kwa aina. Kiti cha kiwanda kimoja hakiingii vizuri ndani ya kiti cha kiwanda kingine. Mkivilazimisha hukwama, na kuvitenganisha ni kuvunja miguu. Kumi kumi vinatosha katika safu moja. Vifungeni kwa ukanda wa mpira wa ndani wa kinga, kwa sababu mpira unabana bila kukata plastiki. Waya unakata.

MASHINI

Jenereta isikunjwe na vitu vingine kama sufuria. Kwanza izimwe, ingojewe ipoe kabisa. Nimeona kijana akiifunika blanketi ingali moto. Blanketi ikaanza kutoa moshi, na esanse imo ndani. Akapona kwa bahati. Ikipoa, fungeni kifunguo cha esanse, ifuteni vumbi, tazameni oili. Kama haitafanya kazi kwa mwezi mmoja au zaidi, ondoeni esanse yote, maana ikikaa huacha utando wa gundi katika mashini, na siku ya kazi haitawaka. Ichukuliwe ikiwa imesimama, isilazwe. Dumu la esanse lisisafiri pamoja na sahani wala chakula.

Nyaya zizungushwe kwa duara pana, taratibu, zikifuata namna zinavyotaka zenyewe. Mkizisokota kwa nguvu baina ya kiwiko na kiganja, shaba ya ndani hukatika, na nje hamtaona kitu. Kila waya ufungwe na chombo chake, mahali pamoja. Muziki ukikosa waya mmoja, vyote vimekosa.

Kuhusu mashini nitasema habari moja ya ziwa letu. Wazee wengi wanaijua meli Liemba. Ilijengwa Udachi, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913. Kisha ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, na kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Huko iliunganishwa tena, ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Fikirini masanduku 5,000. Kama kila kipande kisingalijulikana ni cha wapi, ingalikuwa lundo la chuma pale Kigoma mpaka leo.

Lakini sehemu ninayoipenda ni ya pili. Mwaka 1916, katika vita, Wadachi walilazimika kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, ili adui asiipate. Mafundi wao, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashini grisi nyingi. Ilikaa chini ya maji miaka. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mashini zake bado zafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mtu anayezamisha meli yake alikumbuka grisi. Sisi tunaoweka jenereta kavu nyumbani husahau kuifuta vumbi.

NJIANI NA KUPOKEA

Vyombo vinavyopanda Fizi na kwenda mbele mpaka Lulimba na Misisi hupita mikono mingi. Gari hukwama kwenye matope, mizigo hushushwa, hupakiwa kwa pikipiki, na kila mara kitu kimoja hubaki kando ya njia. Basi kila mahali mizigo inapobadili mkono, karatasi isomwe tena na mpokeaji mpya atie alama yake. Ni kazi ya dakika chache. Pikipiki isichukue viti mpaka mwendesha asione nyuma. Nusu ibaki, irudiwe. Kwa wanaovuka kwenda Ubwari kwa mtumbwi, vitu vizito kama sufuria na jenereta viwekwe chini katikati, viti juu, na turubai ifunike vyote. Msiondoke alasiri ziwa likiwa limeanza kupiga kwa sababu tu mwenye viti anavidai leo. Mtumieni neno kwamba vinakuja kesho asubuhi. Faini ya siku moja ni ndogo kuliko watu.

Hapo ndipo penye faida ya kujua hesabu. Tuseme kodi ya kiti kimoja ni faranga 500 na bei ya kununua kipya ni 20,000. Kiti kimoja kikipotea, viti 40 vimefanya kazi siku nzima bure. Lakini mwenye viti naye asitafute faida katika makosa ya watu. Kiti kilichopata ufa mdogo hushonwa kwa waya wa moto. Kulipisha bei ya kiti kipya kwa ajili ya ufa si haki. Pataneni bei za uharibifu kabla ya karamu, mziandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari, ili zisitungwe siku ya hasira.

Kupokea kufanyike mchana, mbele ya aliyeleta. Asiambiwe, «Acha hapo, tutahesabu.» Asikubali kuacha. Namba zisomwe, chombo kwa chombo, dhamana irudishwe saa ile ile mkononi mwake, na mstari upigwe katika daftari. Kama dhamana ilikuwa mbuzi, arudi mbuzi yule yule.

Na kama kitu kilichodaiwa kimepatikana baadaye? Hapo wengi huona haya, hunyamaza. Chama kile cha viti vya buluu hakikunyamaza. Walirudi na viti tisa, wakawaita waliokuwapo siku ya mashitaka, wakafungua daftari mbele yao, wakafuta jina la kijana. Fedha haikuwapo tena, ilikuwa imekwisha kununua mbegu. Wakalipa kidogo kidogo kwa kodi za arusi nne, mpaka faranga 180,000 zikatimia. Mama yake alizipokea mbele ya watu wale wale. Kijana bado yuko Misisi.